Kenya Ipi Unayoitafuta?

Katika ukurasa huu, mkutubi wetu wa Lubumbashi anajibu maswali ya wasomaji kuhusu kutafuta makala, tasnifu na vitabu kwenye intaneti.

SWALI: Papa Mkutubi, jambo sana. Ninaandaa memwari, yaani tasnifu ya kumaliza masomo, kuhusu jinsi akina mama wanavyopata maji ya nyumbani katika komine (sehemu ya mji) ya Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, na mwalimu anayeniongoza ametaka pia sura moja ya historia. Niliandika «eau Kenya» katika Google Scholar nikaletewa Nairobi, Kisumu na Turkana. Nilipoandika «histoire Lubumbashi» nilipata mambo ya miaka ya karibuni tu, karibu hakuna kitu cha kabla ya uhuru. Je, ni kweli kwamba hakuna aliyewahi kuandika juu yetu?
Msomaji wa Katuba

JIBU: Mwanangu, wameandika, tena wengi. Ukimwambia dereva wa teksi mjini hapa akupeleke Kenya, hatakuuliza pasipoti; atakushusha karibu na soko na kudai pesa yake. Google Scholar haijawahi kupanda teksi hiyo. Inalinganisha herufi ulizoandika na herufi zilizomo katika mamilioni ya makala, na kwa kuwa Kenya iliyo nchi imeandikwa mara nyingi mno kuliko Kenya iliyo komine, hiyo ya kwanza ndiyo inayokuja mbele.

Juma lililopita nilikaa mbele ya kompyuta na mwanafunzi mwenye shida kama yako. Yeye alikuwa amefundishwa na rafiki yake kuweka alama ya kutoa mbele ya neno asilolitaka, yaani «-Nairobi», na kweli makala za Nairobi zilitoweka. Nikamwambia aiondoe alama hiyo. Sababu ni kwamba mtafiti anayeandika juu ya maji ya Lubumbashi huenda akataja Nairobi mara moja tu, katika sentensi ya kulinganisha, na kwa mara hiyo moja makala yake nzima inatupwa nje bila wewe kujua. Kuongeza neno ni salama kuliko kutoa. Tuliandika «"commune Kenya" Lubumbashi», maneno mawili ya kwanza yakiwa ndani ya alama za mtajo ili yatafutwe yakiwa yamefuatana vilevile, kisha tukajaribu «"commune de Kenya"» na «"commune de la Kenya"», kwa maana waandishi hawakubaliani katika jambo hilo dogo. Unaweza kuyaunganisha yote kwa neno OR, likiwa katika herufi kubwa. Orodha ilipungua ikawa fupi, lakini kila kilichobaki kilikuwa cha mji huu.

Kwa upande wa maji, usishikilie neno «eau» peke yake. Wahandisi huandika «approvisionnement en eau potable», watu wa afya huandika «borne-fontaine», «puits» na «forage», na wengine hutaja tu jina la REGIDESO, shirika la maji la taifa, wakiamini kwamba kila msomaji anaelewa. Anza na makala moja nzuri, usome ikisiri yake, uchukue maneno anayoyatumia mwandishi mwenyewe, kisha urudi kutafuta kwa maneno hayo. Chini ya kila makala katika Google Scholar kuna pia kiungo kinachoonyesha kazi zilizoitaja baadaye. Mimi hukipenda kuliko kisanduku cha kutafutia chenyewe, kwa sababu hapo ni watafiti wanaokuongoza.

Sasa historia, ambako shida yako ni ya majina. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 ukiitwa Élisabethville, na jina la Lubumbashi ulipewa mwaka 1966. Mtu aliyeandika mwaka 1950 hakuweza kuandika Lubumbashi akimaanisha mji. Akiliandika, anazungumzia mto, au kiwanda cha kuyeyushia shaba. Ndiyo maana ulipata mambo ya karibuni tu. Andika Élisabethville. Vivyo hivyo, anayetafuta Likasi aandike pia Jadotville, anayetafuta Kalemie aandike Albertville, na ndugu zetu wa Bukavu wasisahau Costermansville. Nchi nayo ilikuwa Congo belge kuanzia 1908 hadi 1960, na Zaïre kuanzia 1971 hadi 1997. Kampuni ya madini iliyoajiri nusu ya babu zetu ilikuwa Union Minière du Haut-Katanga tangu 1906. Baada ya kutaifishwa mwanzoni mwa 1967 ikaitwa Gécomin, kisha Gécamines.

Mkoa ndio wenye vituko. Wakati wa Mobutu Katanga iliitwa Shaba, kwa hiyo makala za miaka ya 1970 na 1980 zimejificha chini ya neno hilo; lakini ukiandika Shaba peke yake utaletewa hifadhi ya wanyama iitwayo Shaba, iliyoko nchini Kenya, na hivyo unarudishwa palepale ulipokimbia. Andika «Shaba Zaïre». Kwa mambo ya baada ya 2015, mkoa ulipogawanywa kuwa mikoa minne, andika Haut-Katanga.

Yako pia maneno yanayoumiza. Nyaraka za wakati wa Wabelgiji haziwaiti watu wetu wakazi wa mji. Zinaandika «indigènes», na mitaa yao inaitwa «cité indigène» au «centre extra-coutumier». Kuyaandika maneno hayo katika kisanduku cha kutafutia si kuyakubali. Usipoyaandika, bibi yako aliyechota maji kwenye bomba la mtaa mwaka 1948 hatatokea. Yaweke katika utafutaji, na katika memwari yako ueleze kwa aya moja kwa nini umeyatumia.

Mahali pa kuyatafutia ni Persée, hazina ya Kifaransa ya majarida ya zamani inayosomwa bure, na JSTOR, ambako akaunti ya mtu binafsi hukuruhusu kusoma makala hadi 100 kwa mwezi moja kwa moja kwenye skrini bila malipo. Lakini mambo mengi yaliyochapwa hapa hapa mjini, kama jarida la CEPSI, kituo kilichochunguza maisha ya wenyeji wa mijini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, yatafute pia kwenye makabati ya maktaba. Njoo na kitambaa. Vumbi ni jingi.

SWALI: Bwana Mkutubi, mimi ni daktari katika hospitali ya mkoani, na ninaendelea na masomo. Kila ninapopata makala ya maana, ukurasa unadai dola thelathini au zaidi. Rafiki yangu aliyeko Ubelgiji hunitumia baadhi, ila naona haya kumwomba kila siku. Pia mega za intaneti ninazonunua zinaishia katika kufungua kurasa zisizonisaidia.
Msomaji wa Kampemba

JIBU: Daktari, usilipe. Nchi yetu imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hupata bure mpango wa Research4Life, wenye sehemu tano: Hinari ya afya, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, AGORA ya kilimo na chakula, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia, na GOALI ya sheria. Anayesajiliwa ni taasisi, wala si mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo muulize mkutubi wa chuo chako au wa hospitali kama jina la kuingilia na nenosiri vipo. Mara nyingi vipo, vimeandikwa kwenye karatasi iliyofungiwa katika droo ya mtu aliyekwenda likizo. Visipokuwapo, mkurugenzi aombe usajili. Mkishavipata, msivitawanye katika makundi ya WhatsApp, kwa maana matumizi ya kiholela yanaweza kuifanya taasisi nzima ifungiwe.

Wakati unasubiri, anza na PubMed, orodha kubwa ya makala za tiba kwenye intaneti. Humo makala nyingi zimepewa vichwa vya mada na maktaba ya tiba ya Marekani, hivyo ukiandika neno la kawaida la saratani kwa Kiingereza, linatafutwa pia chini ya istilahi rasmi ya kitabibu. Chuja matokeo yabaki yale yenye maandishi kamili ya bure. Mengi yako katika PubMed Central, iliyofunguliwa mwaka 2000. Kwa Kifaransa tazama HAL, ambako watafiti huweka nakala za kazi zao wenyewe. Ipo pia programu ndogo iitwayo Unpaywall, unayoiongeza kwenye kivinjari cha kompyuta. Ukifungua ukurasa unaodai dola, inakuonyesha kama ipo nakala halali ya bure mahali pengine. Na mwandishi mwenyewe unaweza kumwandikia: anwani yake ya barua pepe huwa kwenye ikisiri, na wengi hufurahi kuona kuna mtu anayewasoma.

Kuhusu mega: soma ikisiri kwanza, ambayo ni nyepesi, uandike kando zile tano au sita unazozitaka kweli, kisha upakue faili za PDF kwa mkupuo mmoja mahali penye mtandao wa bure. Zihifadhi katika Zotero, programu ya kutunza makala na marejeleo, inayofanya kazi hata mtandao ukikatika na itakayokuandikia marejeleo yako wakati wa kumaliza kazi.

SWALI: Mukubwa, programu ya akili bandia ilinipa marejeo kumi kwa memwari yangu. Sita siyaoni popote. Nitafute wapi?
Msomaji wa Ruashi

JIBU: Usitafute, yawezekana hayapo. Programu hizo hutunga sentensi zinazofanana na za kweli, na rejeo la uongo hufanana sana na la kweli: mwandishi mwenye jina linalojulikana, jarida lililopo, hata kurasa. Kama limepewa namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala, ile inayoanza na 10 na nukta, ibandike baada ya doi.org/ katika kivinjari, uone inakupeleka wapi. Ikikupeleka kwenye makala nyingine au isipokupeleka popote, lifute. Yale manne uliyoyapata, yafungue na kuyasoma pia kabla ya kuyaweka, kwani makala inaweza kuwapo kweli na isiseme hata kidogo kile ulichoambiwa inasema.