Supu ya vitunguu ya Kifaransa: mbona yangu inatoka nyeupe?

SWALI: Shikamoo Mama. Nimepika supu ya vitunguu ya Kifaransa mara mbili, zote zimeniharibikia. Maelekezo niliyofuata yanasema vitunguu vikaangwe dakika 10 viwe vya kahawia. Vyangu vilibaki vyeupe. Nilipoongeza moto vikaungua pembeni, supu ikawa chungu. Mkate nao ulizama ukawa kama uji. Na je, ni kweli ilibuniwa na mfalme?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkono wako hauna kosa. Hizo dakika 10 ndizo zilizokuponza, na huniuma kuona watu wanakata tamaa kwa sababu yake. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji, na maji yakiwapo sufuriani joto halipandi vya kutosha kuleta rangi. Ukiongeza moto, pembe zinaungua huku katikati pakiwa bado mbichi.

Kata kilo moja ya vitunguu, vipande vyembamba. Tia gramu 50 za siagi, kijiko cha mafuta na chumvi kidogo, ufunike dakika 15 kwa moto mdogo vilainike na kutoa maji. Kisha funua. Mimi hapo hukaa palepale dakika 45, pengine saa nzima. Kwanza sauti ni ya kuchemka. Maji yakiisha inageuka kuwa ya kukaanga, na chini panaanza kushika utando wa kahawia kama ukoko. Utando huo ndio supu yenyewe! Mwagia vijiko viwili vya maji, ukwangue kwa mwiko wa mti, uache ushike tena, ukwangue tena. Vitunguu vikifikia rangi ya asali iliyokolea na kubaki kiasi cha konzi mbili, nyunyiza kijiko cha unga wa ngano, kisha mvinyo mweupe glasi moja, halafu lita moja na nusu ya mchuzi wa mifupa ya ng'ombe. Ichemke taratibu nusu saa.

Kuhusu mfalme, husimuliwa kwamba Stanislas Leszczyński, aliyekuwa mfalme wa Poland na baba mkwe wa Louis wa 15, aliionja katika nyumba ya wageni mjini Châlons, akakataa kuondoka mpaka mpishi amfundishe. Ni hadithi tamu, lakini mimi naiona supu hii kuwa ya watu wa chini: vitunguu na mkate uliolala ni vitu vya jiko lisilo na kitu. Paris iliipenda kupitia soko la Les Halles, ambako wapagazi waliinywa alfajiri, bega kwa bega na watu waliotoka kustarehe usiku. Soko lilihamishiwa Rungis, nje ya Paris, mwaka 1969, ila mkahawa wa Au Pied de Cochon, uliofunguliwa hapo Les Halles mwaka 1947, bado unaipakua.

Sasa mkate wako. Ulikuwa laini. Kata vipande vinene, uvikaushe kwenye oveni mpaka vilie kama ubao ukivigonga. Jaza supu kwenye bakuli la udongo linalostahimili moto, panga mkate ufunike uso wote, kisha jibini ya Gruyère au Comté iliyokunwa, nyingi, ifike hadi ukingoni ili ishikamane na bakuli. Iweke chini ya moto wa juu wa oveni mpaka itokote na kupata madoa ya kahawia.

Ukiipika tena niandikie, uniambie vitunguu vilichukua dakika ngapi.