Meneja mpya hotelini na "sawa" inayotuponza

Meneja akiletwa Mei, masika yakimalizika na vyumba bado vitupu, ana wiki chache tu kabla ya wageni wa Juni. Ukali wake mwingi unatoka hapo: yeye hoteli bado haijui, na wenye mali wanamtaka hesabu. Mpe anachokitafuta kabla hajauliza. Mashuka mazima mangapi, taulo ngapi zimepotea, mashine ipi ya dobini mbovu, mkataba wa nani unaisha lini. Ukurasa mmoja unatosha, ufike mezani kwake wiki ya kwanza.

Kinachotuponza zaidi sisi watu wa Unguja na Pemba ni hiyo "sawa". Mkubwa akisema jambo usilolikubali, unaitika "sawa" kwa heshima, kisha unakwenda kulifanya ujuavyo. Meneja mgeni ameisikia kuwa ni ahadi. Jioni akikuta halijafanyika anakuona muongo, nawe unamwona hana adabu, na ugomvi umeshaanza. Heshima haipungui ukiitika hivi: "Nimekufahamu. Vyumba 13 naweza kuvisafisha kwa zamu moja. Vikizidi nahitaji mtu wa kunisaidia."

Lakini kauli hiyo iwe na hesabu nyuma yake. Zamu ya saa 8 ni dakika 480. Toa saa moja ya chakula na sala, toa nusu saa ya kupanga toroli na kurejesha mashuka dobini, zinabaki 390. Kwa dakika 30 kila chumba, ni vyumba 13. Chumba cha mgeni anayeondoka kinakula muda zaidi kuliko cha mgeni aliyepo, kwa hiyo siku za kuondoka wengi zihesabu peke yake. Akidai 16, muoneshe karatasi umuulize dakika 90 zitoke wapi. Neno "haiwezekani" liache, maana yeye atalisikia kama uvivu.

Usimfuate saa 4 asubuhi wageni wakilipa na kuondoka, wala saa 8 mchana wakiingia. Saa 10 alasiri hupoa kidogo. Muone faragha, kamwe si mbele ya wenzako.

Agizo la mdomo lirejeshe kwa ujumbe siku hiyohiyo: "Kama nilivyokufahamu, kuanzia kesho zamu ya jioni inaanza saa 9. Kama nimekosea, nirekebishe." Akikutolea maneno mabaya, andika daftarini tarehe, saa, maneno yenyewe na waliokuwepo. Hasira zako usiziandike humo, zinaharibu ushahidi.

Ramadhani ipange wiki mbili kabla. Magharibi huingia kama saa 12 na nusu na wageni hushuka kula saa 1, basi mpelekee rota yenye zamu mbili za futari na jina la atakayeshika nafasi ya kila mtu.

Mambo yakifika pabaya, angalia sheria ya hapa Zanzibar. Kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo Sheria Namba 6 ya 2004 wanayoinukuu wengi mitandaoni ni ya Bara. Yetu ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na malalamiko hupelekwa Kamisheni ya Kazi. Nakala ya mkataba, hati za mishahara na taarifa ya michango yako ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar) ziwe nyumbani, si kwenye kabati la kazini. Na ukiwekewa barua ya kuacha kazi mbele yako siku uliyogombana naye, usisaini. Omba nakala, lala nayo kwanza.