Hiyo asilimia 35 si yako yote

Umesema kwenye poka una kopa nne, mbili mkononi na mbili kati ya karata tatu za mezani, kwa hiyo unalipia dau la mpinzani la nusu ya fungu (pesa zilizo mezani) bila kufikiri kwa kuwa "nina asilimia 35" za kupata kopa ya tano na kukamilisha karata tano za aina moja. Hiyo 35 ni ya kuona karata zote mbili zilizobaki kufunuliwa mezani. Kama ataweka dau tena baada ya karata ya nne, sasa hivi unanunua karata moja tu: kopa 9 kati ya karata 47 usizozijua, yaani kama asilimia 19.

Mezani kuna 100, kaweka 50. Unalipa 50 kuwania 150, hivyo unahitaji asilimia 25. Hufiki. Ili usipate hasara, kopa ikitua lazima umtoe wastani wa 60 na ushee zaidi, na kopa tatu zikiwa wazi mezani (nani hazioni?) wengi hufunga mkoba.

Ukiwa unamalizia pesa zako zote hapo hapo, sawa, tumia 35.

Halafu, ukihesabu karata zinazoweza kukukamilishia, punguza zile za mashaka. Mfuatano wazi pande zote mbili (karata nne zinazofuatana, unangoja ya tano upande wowote) una karata 8, lakini shupaza mbili zikiwa mezani, 2 kati ya hizo 8 ni shupaza pia na huenda zikamkamilishia mwingine shupaza tano. Wachezaji wakiwa wengi mimi huhesabu 6. Na mara nyingi kupandisha dau ni bora kuliko kulipia tu, maana mpinzani anaweza kutupa karata zake kabla hujapata chochote.