Viza si ya Mume: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ndoa Zilizovunjika Ughaibuni

SWALI: Shikamooni. Mdogo wangu aliolewa hapa Tabora, kisha akamfuata mumewe Uingereza kwa viza ya utegemezi. Sasa anapigwa, na kila akitaja polisi mume anamwambia atarudishwa Tanzania siku hiyohiyo, maana "viza ni yangu". Ni kweli? — Dada mkubwa, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba, dada. Si kweli, ila tishio hilo lina kaukweli kadogo ndani yake, ndiyo maana linafanya kazi. Mume hawezi kufuta viza ya mtu. Anachoweza ni kuiandikia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza kwamba ndoa imekwisha. Wizara nayo inaweza kuufupisha muda wa mkewe, kwa kawaida hadi siku 60. Kwa hiyo asikae kusubiri.

Kabla ya jambo lolote, mwulize: mume mwenyewe anakaa kule kwa kibali gani? Jibu zima linategemea hapo.

Ikiwa mume ni raia wa Uingereza, ana ukaaji wa kudumu au ni mkimbizi anayetambuliwa, na mdogo wako aliingia kama mwenza wake, anaweza kuomba ukaaji wa kudumu kwa jina lake mwenyewe. Kanuni inaitwa Appendix VDA, na imeanza kutumika tarehe 31 Januari 2024. Haitaki mtihani wa Kiingereza wala ule wa maisha ya Uingereza, na hakuna miaka ya kutimiza kwanza. Ada ni kubwa, lakini asiye na uwezo anaomba asamehewe. Kama hana pa kulala wala fedha, kwanza anaomba kibali cha miezi 3 kinachojulikana kwa herufi MVDAC, ambacho kinamruhusu kupata nyumba na posho za serikali. Ombi la ukaaji wa kudumu lazima liingie kabla miezi hiyo haijaisha.

Ikiwa mume yuko kwa viza ya kazi au ya masomo, hapo ndipo wengi wanapoumia. Tangu tarehe 16 Februari 2024 hata wake wa watu hawa wanaweza kuomba MVDAC, lakini ukaaji wa kudumu wa njia ile hawaupati. Na ukipewa MVDAC, viza uliyonayo inafutwa. Miezi 3 ikiisha, umebaki mikono mitupu. Kwa mtu wa namna hii, fomu isitumwe kabla hajaonana na mwanasheria. Huenda ana njia nyingine: kupata mwajiri wa kumdhamini viza yake mwenyewe ya kazi wakati ile ya utegemezi ingali hai, au kuomba kwa msingi wa mtoto ikiwa mtoto ni raia wa Uingereza au ameishi kule miaka 7.

Ushahidi. Hakuna karatasi moja ya lazima, lakini taarifa ya polisi, barua ya daktari wake, amri ya mahakama, au barua ya nyumba ya hifadhi hubeba uzito. Kipigo si sharti: sheria ya kule ya unyanyasaji wa nyumbani, ya mwaka 2021, inatambua pia vitisho, kunyimwa fedha, na kudhibitiwa kila hatua. Maombi mengi hukwama kwa maelezo ya "tulishindwa kuelewana". Kinachotakiwa kuonekana ni kwamba ndoa ilivunjika kwa sababu ya unyanyasaji, na tarehe zake zilingane na za daktari na polisi.

Na ninyi huku Isevya mna ushahidi pengine bila kujua. Zile sauti za WhatsApp alizotuma usiku analia, msizifute. Andika maelezo yako: alikueleza nini, tarehe gani, ulisikia nini kwenye simu, ukiambatanisha nakala ya kitambulisho. Ujumbe wa Kiswahili lazima uende na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. (Na zile jumbe za shangazi za "vumilia mwanangu, ndiyo ndoa", nazo zitunzeni. Zinaonyesha alilalamika lini.)

Kosa jingine ni simu. Viza za Uingereza siku hizi ni za kielektroniki, na mara nyingi akaunti ilifunguliwa na mume kwa barua pepe na namba yake. Abadilishe viwe vyake, la sivyo majibu ya Wizara yatasomwa na mume.

Akiwa hatarini apige 999. Kama hawezi kuongea na anatumia simu ya mkononi, asikilize kisha abonyeze 55. Ushauri wa siri ni 0808 2000 247, bure, saa 24. Aepuke vishoka: kule, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai.

SWALI: Mume wangu ni raia wa Uingereza. Tulikuja Kigoma likizo, akaondoka alfajiri na pasipoti yangu na simu yangu. Sasa ananiambia nibaki Ujiji. Je, nimeshapoteza haki yangu? — Mama wa mtoto mmoja, Ujiji

JIBU: Hapana, mama. Zamani mlango huu ulikuwa umefungwa. Tangu 31 Januari 2024, mwenza aliyetelekezwa nje ya Uingereza anaweza kuomba akiwa hukohuko nje, kwa kanuni ileile ya VDA, na akikubaliwa anaingia na ukaaji wa kudumu. Sharti ni kwamba kibali chako cha mwisho kule kilikuwa cha mwenza wa mtu kama yeye, na kwamba ulitelekezwa.

Nenda polisi ukaonane na Dawati la Jinsia na Watoto. Eleza kwamba pasipoti imechukuliwa, usiseme imepotea tu ili mambo yaishe haraka, maana neno hilo litakurudia. Kama kuna majeraha, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya hospitali. Kisha Uhamiaji kwa pasipoti mpya. Tafuta tiketi: ikiwa yake ilikuwa ya kwenda na kurudi na yako ya kwenda tu, hiyo inasema kuliko kurasa kumi za maelezo. Fomu hujazwa mtandaoni, alama za vidole ni Dar es Salaam, kwa hiyo panga nauli mapema.

SWALI: Dada yangu yuko Marekani, mume ana green card. Amempiga, kisha akampa talaka kwa ujumbe wa simu. Afanyeje? — Kaka, Kasulu

JIBU: Mke wa raia au wa mwenye green card anajaza mwenyewe fomu I-360, ya kujiombea ukaaji kama mke aliyenyanyaswa. Mume hasaini, ada haipo, na sheria inaikataza Uhamiaji kumpa mume habari zake. Kama mume angekuwa mwanafunzi au mfanyakazi wa viza tu, njia hii isingekuwepo. Ingebidi aitazame viza ya U, ya waathirika wa uhalifu, ambayo inataka uthibitisho wa polisi au mwendesha mashtaka na ina kikomo cha watu 10,000 kwa mwaka.

Sasa talaka. Ombi la I-360 lazima liingie ndani ya miaka 2 tangu ndoa kuvunjwa, kwa hiyo tarehe ni mali. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ujumbe wa simu peke yake hauvunji ndoa iliyofungwa huku. Mpaka mahakama itoe amri. Akihitaji amri hiyo, Mahakama ya Mwanzo inatosha, ila sheria inataka makazi ya kudumu Tanzania au kuishi hapa mwaka mzima kabla ya kufungua shauri. Hati ya baraza la usuluhishi la ndoa, ambayo kwa kawaida hutakiwa kwanza, haihitajiki iwapo mdaiwa anaishi nje na haelekei kuingia nchini ndani ya miezi 6. Lakini asiharakishe: afungue I-360 kwanza akiwa bado mke. Na hata mchumba mpya akijitokeza, asiolewe kabla ombi halijakubaliwa, maana litakataliwa.