Kalia mikono yako kwanza

Mwaka wa kwanza niliposaidia kwenye mashindano ya wanafunzi ya kutengeneza gemu, mvulana wa miaka kumi na miwili aliniita Jumamosi mchana nikaione ya kwake. Samaki anakwepa nyavu, basi. Ukibonyeza mshale wa juu anapanda, wa chini anashuka, nyavu zinatokea kulia. Nilicheza kama dakika moja, nikaachia kibodi, nikaanza kumwaga ujuzi. Weka muziki. Weka alama. Mkia utikisike. Ongeza levo ya pili. Hii bluu ya maji imepauka. Yeye akafungua kaunta buku, akapiga mstari kwa rula, akaandika namba moja mpaka tisa kwa mwandiko ambao mimi sina hata leo. "Asante ticha."

Jumapili alasiri, muda wa kuwasilisha ulipofika, samaki alikuwa amesimama katikati ya maji, hapandi wala hashuki. Kijana alikesha akitekeleza orodha yangu, na mahali fulani kati ya alama na levo ya pili akavunja kitu asichoweza tena kukipata. Nakala ya Jumamosi, ile iliyokuwa inacheza, hakuitunza. Hakulalamika. Aliniambia tu, "Ticha, nilifika namba sita."

Tangu hapo nimekaa na watoto wengi kwenye mashindano ya namna hii, na kaunta buku ile imenifundisha kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Tatizo langu siku ile halikuwa ukali. Nilikuwa mpole kabisa, natabasamu. Tatizo ni kwamba mtoto wa kwetu hajazoea kumkatalia mkubwa. Ukimwambia mtu mzima mwenzako "mimi ningeweka muziki," atakuuliza kwa nini, mtabishana, ataamua mwenyewe. Ukimwambia hivyo hivyo mtoto aliyekuamkia shikamoo dakika mbili zilizopita, umempa kazi. Kwako ni pendekezo, kwake ni amri, na amri tisa za mtu anayemheshimu atazitekeleza zote hata kama gemu inakufa mikononi mwake.

Halafu kuna saa. Mashindano mengi ya aina hii yamerithi mtindo wa wikiendi moja: Ludum Dare, yaliyoanza mwaka 2002, na Global Game Jam, iliyoanza 2009, ndiyo yaliyozoesha watu saa 48. Lakini saa 48 za mtu mzima anayekunywa kahawa usiku kucha si saa 48 za mtoto wa darasa la sita. Toa kulala, toa kula, toa ibada, toa kutumwa dukani, toa umeme uliokatika Jumamosi jioni. Akibakiwa na saa kumi na mbili za kazi, ana bahati. Kila unachomwambia kinatoka kwenye hizo kumi na mbili.

Kwa hiyo sasa nikiitwa, ninachofanya kwanza ni kukalia mikono yangu. Sitanii. Baada ya kucheza naisukuma kibodi mbele ya mtoto na viganja naviweka chini ya mapaja, maana mkono wa mtu mzima anayejua kompyuta hauna adabu. Unakifuata kipanya wenyewe, na kufumba na kufumbua umemtengenezea mtoto gemu yako. Nacheza mpaka mwisho, au mpaka nikwame, bila kuuliza "hapa nabonyeza nini?" Kama sijui pa kubonyeza, hiyo nayo ni habari anayoihitaji, na mtoto anayeangalia nyuma yangu ataiona kabla sijasema. Kisha namweleza kilichonipata. Sisemi gemu ikoje, nasema mimi nimepatwa na nini.

Kuna binti mmoja aliyenionyesha tofauti ya hayo mawili. Anakaa Kimara, Dar es Salaam, na kila asubuhi anavuka Barabara ya Morogoro kwenda shule. Alikuwa ametengeneza kwa Scratch, programu ya watoto ya kutengeneza gemu, kuku anayevuka njia ya mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka, kuwafuata vifaranga vyake. Mabasi ya bluu, kuku mwekundu, vifaranga vitatu upande wa pili vinaruka ruka. Nilicheza nikagongwa. Nikarudia, nikagongwa. Mara ya saba nilikuwa nacheka kwa hasira.

Nilijua tatizo liko wapi, na ulimi ulikuwa unawasha. Alikuwa ameliambia basi lisogee hatua 10 kila mzunguko. Scratch huchora picha 30 kwa sekunde, mzunguko mmoja kwa kila picha, na jukwaa lake lina upana wa hatua 480, kwa hiyo basi linakata kioo kizima kwa sekunde 1.6. Kuku akiwa katikati ya barabara, tangu pua ya basi ionekane pembeni mpaka agongwe ni chini ya sekunde moja. Yeye mwenyewe haoni shida kwa sababu ameshacheza mara mia, anajua kwa moyo basi linatoka lini. Dawa ilikuwa kufuta 10 na kuandika 5. Kazi ya sekunde tatu.

Sikuisema. Nilimwambia, "Nimegongwa mara saba, na mara zote saba basi sijaliona likija." Nikamuuliza alitaka mchezaji ajisikieje. Akafikiri, akasema, "Aogope kidogo. Kama mimi." Nikainuka, nikaenda kwa mtoto mwingine.

Niliporudi baada ya kama nusu saa, basi lilikuwa linakwenda kwa hatua zile zile 10. Alichoongeza ni honi. Alijirekodi mwenyewe kwa mdomo, "piiiiip," na sauti ile inatoka kidogo kabla basi halijaingia kwenye kioo. Nikacheza tena: nasikia honi, moyo unaruka, namrudisha kuku nyuma, basi linapita. Nikamuuliza kwa nini hakupunguza mwendo. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini bahari ina maji. "Ticha, mwendokasi likienda polepole si mwendokasi tena."

Ile 5 yangu ingefanya gemu iwe rahisi. Honi yake iliifanya iwe ya Kimara.

Sisemi usimpe mtoto jibu kamwe. Kama kuku amenasa ukutani na muda umebaki dakika ishirini, mwonyeshe mstari wenye kosa, mwache aendelee na maisha. Hitilafu ni hitilafu. Ninachozungumzia ni yale mambo ya ladha na mpangilio, ambako mkubwa anadhani anajua na mara nyingi anajua gemu nyingine.

Na hapo ndipo ninapogombana na majaji wenzangu. Binti yule yule aliandikiwa maoni na jaji mmoja kwamba amenakili gemu ya zamani. Ni kweli kwamba Frogger, ile ya chura anayevuka barabara, ilitoka mwaka 1981. Ni kweli pia kwamba mtoto hakuwahi kuisikia. Mama yake mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Hakunakili chura wa mtu, alinakili njia yake ya shule. Ukikutana na gemu inayofanana na unayoijua, usianze na neno kuiga. Muulize wazo lilitoka wapi. Mara nyingi jibu ni tamu kuliko gemu yenyewe, na ukishalipata unaweza kumwambia kuna watu walilishughulikia tatizo kama lake kabla yake, akawatazame walifanyaje.

Kuhusu sifa nitasema mawili tu. Watoto wameshajifunza kusubiri "lakini". Ukianza "gemu yako nzuri sana," unaona mabega yanapanda, wanangoja pigo. Na ile "hongera sana, endelea hivyo hivyo" tunayoibandika chini ya kila kazi ni ushauri mbaya kabisa ukiusoma kwa makini: asiendelee hivyo hivyo, aendelee vingine! Sifa inayobaki kichwani ni ile yenye kitu ndani yake. "Kifaranga cha tatu kiliporuka nikacheka." Hiyo hata baada ya mwaka anaikumbuka, na gemu ijayo ataweka kitu kingine cha kuchekesha.

Maoni ya maandishi yana balaa lake, kwa sababu mtoto anayasoma peke yake usiku bila kuona uso wa aliyeandika. Kwenye Ludum Dare washiriki wenyewe ndio wanaopeana alama, kwa vipengele kama mvuto, ubunifu, mada, picha na sauti, na gemu isiyopata wapigaji alama 20 haiingii kwenye msimamo. Utaratibu huo una busara: mmoja akikusema vibaya, wapo kumi na tisa. Kwa watoto wangu nimeuchukua kwa udogo wake. Tunasoma maoni pamoja, na kila lalamiko tunaliwekea kijiti. Kijiti kimoja tunakiacha kipite. Vikifika vitatu mahali pamoja, hapo pana shimo, hata kama kila mmoja ameeleza sababu yake tofauti. Watu huwa sahihi wakisema wapi wamekwama. Wakianza kukueleza namna ya kurekebisha, sikiliza kwa sikio moja.

Sharti pekee ninalotoa kama amri, nikijua fika kwamba ni amri, ni hili: kabla ya kugusa chochote baada ya kuongea na mimi, hifadhi nakala, uipe jina "inacheza". Wapo wanaoandika "inacheza1", "inacheza2", mmoja alifika "inacheza_kweli_kweli". Sijawahi kuona tena samaki aliyekwama siku ya kuwasilisha.

Swali gumu huja mwishoni, mtoto akishasimama na begi mgongoni. "Ticha, nitashinda?" Zamani nilikuwa nasema ndiyo, utashinda tu. Siku hizi nasema sijui, majaji ni wanne na mimi si mmoja wao. Namwambia nilikufa mara ngapi na kama ninataka kucheza tena. Juzi nilimwambia mmoja kumi na moja, na ndiyo, nataka. Akatoa kalamu akaiandika ile 11 kiganjani, akakimbilia daladala.