Muulize Baharia: Mama anataka karata, mume anataka Roma

SWALI: Shikamoo Mzee Baharia. Mimi ni mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, naishi Reading, Uingereza. Mwezi wa tisa tunapanda meli ya kitalii Barcelona, usiku saba: Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo, siku moja nzima baharini, kisha tunarudi. Mume wangu anataka kulipia matembezi ya meli kila bandari, na bei zake zinanitoa jasho. Mama anakuja kutoka Unguja kwa ajili ya safari hii. Magoti yanamsumbua, anasema akipata pa kukaa akacheza karata zake basi, sisi tukazurure. Ila anaogopa huko kwenye karata ndiko kwenye kamari. Tufanyeje?
Binti wa Ng'ambo, Reading

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekuwa mhudumu kwenye meli za Mediterania mpaka mvi zikanikuta humo, na kwa maoni yangu aliyepanga safari vizuri kwenu ni mama.

Kasino ina ukumbi wake, wenye mashine na kelele, na kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini. Chumba cha karata ni kingine kabisa. Humo utakuta meza, wazee na vikombe vya chai, na hakuna kiingilio. Meli isiyo na chumba hicho, watu huchezea maktaba, au mgahawani chakula kikishaondolewa.

Mama anacheza nini? Kama ni wahedi wa sitini, ule mchezo wetu wa karata wa kuhesabu pointi, hatakosa wenzake. Njia hii hujaa Wataliano, na wa umri wake hucheza briscola: karata 40, jumla ya pointi 120, mwenye 61 kashinda. Ree, yaani A, ni pointi 11, kama kwetu. Amwangalie mdudu mmoja tu: kwao karata ya pointi 10 ni tatu, siyo seti, yaani saba, kama kwetu. Akiitupa tatu akidhani takataka, wataizoa huku wanacheka. Kila mtu hushika karata tatu, turufu imefunuliwa mezani, na hakuna anayelazimishwa kufuata. Wakicheza wanne, wawili wawili, ishara za uso zinaruhusiwa. Mwenzako atapinda mdomo au kuinua macho kukujulisha turufu aliyonayo. Mwambie mapema, asije akadhani babu wa Kinapoli anamtongoza.

Wengine huwekeana kahawa, aliyeshindwa analipa. Hilo la kidini mwulizeni sheikh wenu, lakini akisema anacheza bila kuwekeana, hakuna atakayenuna. Siku ya baharini awahi baada ya kifungua kinywa, maana ikifika saa nne asubuhi meza zote zimeshikwa. Na asichezee sitahani. Upepo wa pale niliwahi kuuona ukibeba mkono mzima wa karata, turufu na zote.

Sasa mumeo. Bandari nyingine kulipia matembezi ya meli ni kutupa pesa. Genoa gati liko mjini, karibu na stesheni ya Principe. Mnashuka, mnatembea taratibu hadi Via Garibaldi kwenye majumba ya kale, mnarudi. Palermo vilevile, jumba la opera la Teatro Massimo si mbali kwa miguu, na soko la Ballarò mchukue teksi kwa ajili ya mama. Hapo mnunulieni karata za Kisisili, zenye vikombe, sarafu, panga na marungu, arobaini tayari. Huo ndio utalii utakaompendeza. Marseille meli hufunga mbali na Bandari ya Kale, msijaribu kutembea; tafuteni basi.

Civitavecchia ndipo namuunga mkono. Roma iko kama kilomita 80 kutoka hapo. Treni ipo, saa moja hivi, na kwa bei ni rahisi mno kuliko basi la meli, lakini reli ikigoma shauri yenu. Basi la matembezi ya meli likichelewa, meli hulisubiri. Mliojiendea wenyewe haiwasubiri. Machi 2024 abiria wanane waliachwa São Tomé baada ya kuchelewa kwenye matembezi waliyojipangia. Wakaikimbilia meli hadi Gambia, haikuweza kutia nanga kwa maji kupwa, wakaipata Dakar. Kwa hiyo Roma alipe, tena aende yeye na wewe. Mawe ya barabara za Roma hayana huruma na magoti.

Ila siku hiyo mama asitegemee karata. Meli nzima huwa imekwenda Roma, hata babu wa Kinapoli. Apande basi la bandari, anywe kahawa mjini Civitavecchia karibu na ngome, arudi alale.

Saa ya mwisho ya kupanda huandikwa kwenye karatasi ya kila siku, na mara nyingi ni nusu saa kabla ya kung'oa nanga. Fuateni saa ya meli, msiitegemee ya simu.

Na kabla ya yote haya: viza ya Uingereza haitamfikisha mama Barcelona. Kwa pasipoti ya Tanzania anahitaji ya Schengen, yaani ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na bandari zenu zote zimo ndani yake. Mwezi wa tisa uko karibu, mwanangu. Kesho mtafutie miadi.