Mpe Mgeni Jembe Mapema: Namna ya Kuwafanya Watu Waongee Kwenye Hafla ya Mauzo Nyumbani

Hakuna kinachonichosha katika kazi hii ya kuuza bidhaa nyumbani kwa mwenyeji aliyealika wageni kama sebule iliyojaa watu wanaonitazama tu. Katalogi ziko mapajani, kila nikisema jambo wanatikisa kichwa kwa adabu, na mwisho wanamshukuru mwenyeji na kwenda zao. Bidhaa hawajazichukia. Wamekuja, wakakalishwa kama hadhira, na hadhira kazi yake ni kusikiliza mpaka mwisho kisha kuondoka.

Nimeuza vyombo vya jikoni kwenye nyumba za watu kwa muda mrefu, na jambo ninalowasisitizia wauzaji wapya kuliko yote ni hili: hafla inauza pale wageni wanapoongea wao kwa wao. Maelezo yako yanahitajika, lakini ni machache kuliko unavyodhani.

Biashara hii ilipata umaarufu hivyo. Vyombo vya plastiki vya Earl Tupper, yaani Tupperware, vilipoingia sokoni Marekani mwaka 1946, madukani havikutoka vizuri, kwa sababu mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu hakujua ule mfuniko unafungwaje. Waliofanikiwa kuviuza ni watu kama Brownie Wise, aliyevipeleka sebuleni mwa watu, na mwaka 1951 kampuni ikaviondoa madukani na kumpa yeye kusimamia mauzo ya nyumbani. Wise anakumbukwa kwa kujaza bakuli kinywaji, kulifunga, kisha kulirusha hewani mbele ya wageni. Wengi husimulia habari hiyo ili kusifia mfuniko. Mimi nawatazama wageni. Bakuli likiruka, mmoja ananyoosha mikono, mwingine anapiga ukelele, wa tatu anavuta nguo yake pembeni, na likitua bila kumwaga tone wote wana la kusema. Hakuna aliyebaki mtazamaji.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatuna siku tatu, tuna jioni moja, kwa hiyo jembe linatolewa mlangoni. Anayefika wa kwanza namwomba anisaidie kupanga bidhaa mezani. Anayefuata namkabidhi karatasi za oda azigawe. Mwingine namwachia chombo nikimwambia, "Dada, nishikie hiki, nitakuomba ukifungue baadaye." Mtu mwenye kazi mkononi anauliza maswali: kikae wapi, hiki ni cha nini, mbona hiki hakina mfuniko. Hafla haijaanza na tayari amesikia sauti yake mwenyewe ndani ya chumba kile. Ni jambo dogo, lakini kwa mtu mwenye haya sentensi ya kwanza ndiyo ngumu, na ni afadhali aiseme kabla watu wote hawajakaa na kumtazama.

Viti pia vina mchango wake. Mwaka 1958 mwanasaikolojia Robert Sommer na mwenzake walichapisha utafiti wa wodi moja ya wagonjwa wazee nchini Kanada, ambako viti vilikuwa vimepangwa kufuata kuta na watu hawazungumzi. Viti viliposogezwa kuzunguka meza ndogo, mazungumzo baada ya wiki chache yalikaribia kuongezeka maradufu. Watu ni walewale, kilichobadilika ni kwamba sasa walitazamana. Ninapofika kwa mwenyeji nikakuta viti vimepangwa safu kuelekea meza yangu, naomba ruhusa nivipange viwe duara, na kiti changu nakiweka ndani ya duara hilohilo. Nasimama ninapoonyesha kitu tu, kisha nakaa.

Sasa maswali. Hapa ndipo wengi wetu hukwama, maana tunauliza maswali yenye jibu moja sahihi, au yasiyo na jibu kabisa. "Kuna mwenye swali?" ni mlango uliofungwa. "Nani anajua plastiki hii imetengenezwa na nini?" ni mtihani, na mtu mzima hapendi kufeli mtihani mbele ya jirani zake. Hata "Mnapenda rangi hii?" huleta "ndiyo" ya pamoja na mazungumzo yakaishia hapo.

Swali zuri linamuuliza mgeni habari ya nyumba yake, kwa sababu hapo yeye ndiye anayejua. Nikiwa na vyombo vya kuhifadhia vitu jikoni nauliza, "Kabati gani nyumbani kwako hutaki mgeni alifungue?" Watu hucheka kwanza, kisha mmoja anakiri kuhusu kabati la mifuniko isiyo na vyombo, na mwenziwe anadakia kwamba kwake ni vyombo visivyo na mifuniko. Wamejikuta wanasimuliana tatizo ambalo mimi nilikuja na dawa yake, na sijataja bidhaa bado. Anayeuza vipodozi anaweza kuuliza ni kitu gani walinunua wakakitumia mara moja tu kikabaki kwenye droo, na kwa nini. Muuza vitambaa anaweza kuuliza ni nguo gani imekataa kutupwa. Maswali haya hayamdhalilishi mtu, na kila mmoja ana jibu.

Ukishauliza, nyamaza. Nasema hili kwa uzito wote. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alipima miaka ya 1970 muda ambao walimu huwapa wanafunzi baada ya kuuliza swali, akakuta kwa kawaida ni kama sekunde 1. Walimu walipojizuia hadi sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu na wanafunzi waliozoea kukaa kimya wakaanza kujibu. Sebuleni ni vilevile. Sekunde 3 za ukimya ukiwa umesimama mbele ya watu ni ndefu mno, na ulimi unawasha kutaka kuziba pengo. Mimi huchukua chombo nikakifuta taratibu kwa kitambaa, mikono ipate la kufanya. Kabla sijamaliza kufuta, mtu huwa ameanza.

Kuna hafla moja naikumbuka kwa sababu ya mama aliyekaa pembeni, mtu mzima, mpole, ambaye hakuwa amesema neno. Tulikuwa tunapitisha chombo chenye mfuniko wa kubana, kila mtu akifungue na kukifunga. Kilipomfikia, alijaribu mara mbili, akakishusha mapajani na kusema polepole, "Hiki si cha mikono yangu." Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo. Muuzaji aliye ndani yangu alitaka kuruka na kueleza jinsi mfuniko unavyolegea baada ya kutumika. Nikamuuliza tu, "Mama, nyumbani unafunguaje vitu vya namna hii?" Akasema anamngoja mjukuu arudi kutoka shuleni. Hapo binti aliyekaa kando yake akakichukua, akamwonyesha namna ya kubonyeza katikati ya mfuniko kwa kiganja na kuinua ukingo kwa dole gumba bila kutumia nguvu ya vidole. Mama akajaribu. Ukafunguka. Chumba kizima kikataka kujaribu mbinu ya kiganja, na mwingine akauliza kama kuna mfuniko mkubwa zaidi kwa ajili ya mama yake mzazi. Mimi nilikuwa nimekaa.

Mgeni akisema kasoro ya bidhaa hadharani, usimkimbilie na utetezi. Ukimbishia yeye, umewafunga midomo wote, maana wameona kinachompata anayesema kweli. Mshukuru, uliza zaidi, na kama kasoro ni ya kweli ikubali. Mara nyingi jibu litatoka kwa mgeni mwingine, na jibu la jirani lina uzito ambao la muuzaji halina.

Yupo pia anayeongea kupita wote. Huyu usimzime, mpe kazi. Awe ndiye anayeonyesha chombo kinachofuata huku mimi nikiwauliza wengine wanaonaje. Na aliye kimya kabisa usimtaje kwa jina mbele za watu kumtaka aseme, hiyo ni kumfedhehesha. Mpitishie kitu akishike, kaa karibu naye wakati wa mapumziko, muulize kwa sauti ya chini. Wapo watu ambao kushiriki kwao ni kushika na kutazama, na wanaagiza kuliko wasemaji.

Kuhusu michezo, nina msimamo: mchezo wowote unaomwacha mtu mmoja akiona aibu siuchezi, hata kama unachangamsha wengine. Wa watu wawili wawili ni salama zaidi. Kila mtu na jirani yake wanapewa chombo kimoja na dakika 2 wafikirie matumizi yake ambayo hayako kwenye katalogi. Watu wawili hawawezi kunyamaziana kwa dakika 2, na wakirudi kwenye duara anayesimulia anasema "sisi tumeona", jambo jepesi kuliko "mimi naona".

Mwenyeji naye lazima aandaliwe. Wageni wamekuja kwa ajili yake. Jonathan Frenzen na Harry Davis, katika utafiti wao wa 1990 kuhusu hafla hizi, walionyesha kwamba ukaribu wa mgeni na mwenyeji unachangia sana uamuzi wa kununua. Hiyo ni nguvu ya kushikwa kwa uangalifu, maana mtu anaweza kununua kwa kuona haya tu, na oda ya namna hiyo mara nyingi hurudi au huzaa kinyongo. Ninachomwomba mwenyeji ni kuzungumza. Siku chache kabla namuuliza nani na nani wanakuja, nani anamfahamu nani, nani amehamia karibuni, nani ana mtoto mchanga. Halafu namwomba asimulie yeye kwanza juu ya chombo anachokitumia, na kisichomfaa akitaje pia. Wageni wakisikia mwenyeji amesema "hiki mimi sikukipenda", wanajua chumba hiki kinaruhusu ukweli.

Wakati wa oda sikai mezani kungoja foleni. Nazunguka na karatasi, nakaa na kila mmoja, na naanza na alichosema: "Ulituambia kabati lako la chini lina unyevu, twende tutazame vyenye mpira kwenye mfuniko." Kwa hiyo wakati wa mazungumzo naandika. Naweka daftari dogo, jina na neno moja, basi. Asiyeagiza namshukuru kwa mchango wake na kuutaja, kisha nahamia kwa mwingine bila kumng'ang'ania. Kesho yake nampigia mwenyeji kumuuliza wageni walizungumza nini baada ya mimi kuondoka, na majibu yake ndiyo ninayopangia maswali ya hafla inayofuata.